Kuni Nilizompa Jirani

Mtoto alikuwa amekaa kwenye kizingiti cha mlango wa nyuma na kikombe chake cha uji, na viganja vyake vilikuwa vya kijani.

Nilicheka. Nilidhani amepata kalamu za rangi mahali. Juu yake fundi alikuwa anapiga msasa dirisha la jikoni, kavukavu, na kila alipovuta mkono, unga mwembamba wa kijani ulishuka taratibu kwenye mwanga wa saa nne asubuhi. Kwa kweli ulipendeza. Ulitua kwenye sweta la mtoto, kwenye nywele, kwenye uji. Akachovya kidole kwenye uji, akanyonya. Akakipitisha kidole hicho hicho kizingitini, akanyonya tena.

"Mama mkubwa, tamu," akaniambia.

Nikamfuta mikono kwa pindo la khanga. Kisha nikapiga picha dirisha, nikaiweka status: "Nyumba ya shangazi inarudi ujana."

Ni majuma kumi na moja sasa. Nimeanza kuandika haya mara tatu, nikafuta mara tatu. Kila nikifika pale kwenye "nikacheka", mkono unagoma.

## Ngozi ya mamba

Wengi waliijibu ile picha kwa makofi na mioyo. Mmoja tu aliuliza swali. Tulisoma naye sekondari, siku hizi yuko Marekani anapaka rangi majumba. Aliikuza picha, akazungushia duara jekundu kona ya chini ya fremu, mahali rangi ilipokuwa imepasuka vipande vidogo vya mraba kama ngozi ya mamba.

"Hii mmeipima?"

Tupime nini, nikajiuliza. Nikamwandikia kwamba ni dirisha tu, la miaka ya hamsini, wakati wa Mwingereza, shangazi alilikuta hivyo.

Akapiga simu. Huko kwao ilikuwa saa nane usiku.

Aliniambia kwamba kule, nyumba ikiwa imejengwa kabla ya 1978, huruhusiwi kulipwa kuikwangua rangi mpaka umekaa darasani siku nzima na kupewa cheti. 1978 ndio mwaka walioipiga marufuku majumbani rangi iliyochanganywa na risasi, yale madini yenye sumu. Aliniambia moto ni marufuku, mashine ya msasa isiyo na kifyonza vumbi chenye chujio maalumu ni marufuku, na kwamba yeye mwenyewe akimaliza kazi huvua nguo zote kabla ya kuingia kwenye gari lake. Kisha akauliza kama kuna mtoto humo ndani.

Nikasema yupo.

Akanyamaza muda mrefu mno kwa mtu anayelipia simu.

## Wembe

Asubuhi yake nilichukua wembe, nikaingia chumba cha shangazi, nikakata mshazari kwenye mwimo wa dirisha, taratibu, kama anayemenya kitunguu asitake kulia.

Juu kabisa krimu. Hiyo naijua, niliinunua mwenyewe mwaka 2011 tulipoandaa nyumba kwa ajili ya msiba wa babu. Chini yake bluu ya mawingu. Chini ya bluu kijani mpauko, kisha kijani iliyokolea, ile ya viganja vya mtoto. Kisha kahawia. Na mwisho, imeshikamana na mbao yenyewe, nyeupe iliyogeuka manjano, nene, ngumu. Kipande chake nilipokiweka kiganjani kilikuwa kizito kuliko nilivyotarajia. Au ni mimi niliyetaka kiwe kizito.

Mafundi wa zamani hawakuwa wajinga. Risasi nyeupe, ule unga wa risasi uliotiwa kwenye rangi, ilifunika vizuri, ilishika mbao, ilistahimili mvua, na mvua ya huku mnaijua. Risasi nyekundu ilikuwa rangi ya kwanza ya chuma, kinga dhidi ya kutu. (Msiichanganye na ile nyekundu ya udongo wanayopaka mabati siku hizi, hiyo kazi yake inafanywa na kutu yenyewe, oksaidi ya chuma.) Njano na machungwa kali zilipata ukali wake kwa risasi iliyochanganywa na kromiamu. Na hata rangi ambayo haikuhitaji risasi kwa ajili ya weupe au unjano, iliwekewa kidogo ili ikauke haraka.

Kilichoniudhi ni kwamba hatari yake ilijulikana mapema mno. Mwaka 1921, huko Geneva, Shirika la Kazi Duniani lilipitisha mkataba wa kukataza risasi nyeupe kwenye kupaka ndani ya majengo, isipokuwa stesheni za reli na viwandani palipoonekana pana ulazima. Kiwango walichovumilia kilikuwa asilimia 2. Mkataba huo huo ulikataza vijana wa chini ya miaka 18 na wanawake wote kufanya kazi za upakaji wa aina hiyo. Uingereza, aliyekuwa anatutawala, hakuuridhia. Nyumba ya shangazi ilijengwa miaka zaidi ya thelathini baadaye.

Linganisha asilimia 2 hiyo na kiwango tulichonacho leo Afrika Mashariki: sehemu 90 kwa milioni. Ile ya 1921 ni mara mia mbili na ushee.

Nilijipa moyo kwa muda. Nikasema basi tabu iko kwenye ile nyeupe ya chini na labda ile kahawia, hizi za juu ni zetu, ni za juzi. Ndipo nikasoma kwamba shirika la AGENDA la Dar es Salaam lilikuwa likinunua makopo ya rangi ya mafuta madukani na kuyapima, na hata katika miaka ya 2010 lilikuwa bado linakuta yenye risasi nyingi, hasa za njano. Madukani kwetu. Makopo mapya.

Yaani ule mwaka 1978 ni wa kwao. Sisi hatuna mwaka.

Nilipeleka vipande maabara: cha nyeupe, cha kijani iliyokolea, na cha krimu. Hicho cha mwisho nilikiweka kama mtu anayeweka shahidi wa kumtetea. Majibu yaliporudi, vyote vitatu vilizidi 90. Krimu ilizidi kwa uchache kuliko wenzake, lakini ilizidi. Niliinunua kwa mshahara wangu, nikashukuru kwamba ilikuwa ya bei nafuu.

## "Risasi ya bunduki?"

Fundi nilimwambia siku ile ile ya wembe, kabla ya majibu. Ni mtu mzima, ana miaka zaidi ya ishirini kwenye kazi, mpole, anakuita "mama" hata kama umri wako ni wa mdogo wake wa mwisho.

"Fundi, tusimamishe kwanza. Hii rangi ina risasi."

Akatazama ukuta. Akatazama dirisha. "Ya bunduki, mama? Ilipita wapi?"

Msaidizi wake akacheka mpaka akakaa chini. Mimi pia nilicheka, na hapo nikaona shida ya neno lenyewe. Kwa Kiswahili chetu risasi ni kitu kinachokuja kwa kishindo, kinatoboa, watu wanakimbia. Hii nyingine inakuja na uji.

Nikajaribu kueleza: ni yale madini ya kwenye betri za gari, ni ile ya kwenye nyavu za wavuvi. Ikikaa ukutani haina neno. Tabu ni vumbi. Ukilivuta au ukilimeza, mwili unaipokea kama vile ni kalsiamu, unaipeleka kwenye damu, kisha kwenye mifupa, na mifupani inakaa miaka kwa miaka. Mtoto mdogo anafyonza mara nne hadi tano ya mtu mzima kwa kiasi kile kile alichomeza, na inakwenda kukaa kwenye ubongo unaojengwa. Hakuna kiwango kinachojulikana kuwa hakidhuru.

Alinisikiliza kwa adabu. Kisha akasema, "Mama, miaka ishirini nimepiga msasa. Niko hapa."

Nina jibu gani kwa mtu aliyesimama mbele yangu akiwa hai? Nilitaka kumuuliza kuhusu kichwa anacholalamikia kila jioni na tumbo linalomsokota, lakini hayo yanaweza kuwa chochote. Kumtia mtu ugonjwa kwa maneno ni rahisi. Nikanyamaza.

Nikajaribu njia nyingine. Nikamwambia vumbi linakwenda naye nyumbani, kwenye kofia, kwenye suruali, kwenye nywele, na kwamba mwanawe anayemkimbilia mlangoni akirudi ndiye anayelipokea. Nilikuwa na hakika hoja hiyo ingemgusa.

Haikumgusa. Au hakuonyesha. Alisema tu, "Tutajitahidi," na sote tunajua "tutajitahidi" ni nini.

Nilichukua siku mbili kuelewa kwamba nilikuwa namweleza afya mtu aliyekuwa anapiga hesabu. Kazi tulipatana kwa jumla: nyumba nzima, bei moja, ukimaliza mapema umefaidi. Mimi sasa namwambia akwangue kwa maji, apange nailoni, afunge milango, adeki mara mbili, anawe, abadili nguo. Kazi ya siku kumi na mbili inakuwa ya mwezi. Tofauti hiyo ilikuwa inatoka mfukoni mwake, na mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na kikombe cha chai nikihubiri kuhusu mwanawe.

Tukavunja mapatano. Tukaanza upya kwa siku, yeye na msaidizi wake, na nguo za kazi nikanunua mimi, zifuliwe hapa hapa, zisitoke getini.

Siku hiyo hiyo akaanza kuuliza maswali. Mengi, na mazuri kuliko yangu.

## Maji

Sikukwangua nyumba nzima. Hili lilinichukua muda kulikubali, maana moyo wangu ulitaka kung'oa kila kitu, nibaki na mbao tupu na dhamiri safi. Lakini rangi iliyoshika vizuri ukutani, isiyopasuka, isiyoliwa na unyevu, ukiifunika na rangi mpya nzuri inabaki usingizini. Ukiiamsha kwa hasira ndipo umeifanya vumbi.

Madirisha na milango ni habari nyingine. Dirisha la mbao hujisaga lenyewe. Kila ukilisukuma, mbao inasugua mbao, na unga unaanguka kwenye kingo za chini, pale pale mtoto wa miaka miwili anaposhika ili asimame. Nilipita na kitambaa cheupe kilicholowa kwenye kingo za madirisha ambayo fundi hakuwa ameyagusa kabisa. Kilitoka na mstari wa kijivu. Kumbe nyumba ilikuwa inatuwekea vumbi hilo miaka yote, kimyakimya, kabla ya msasa wowote.

Basi madirisha yaling'olewa mazima, hayakukwanguliwa. Milango miwili tuliyotaka kuihifadhi ilitolewa nje, ikalazwa juu ya nailoni pana, ikalowanishwa kwa chupa ya kunyunyizia ya saluni, ikakwanguliwa kwa mkono ingali inatiririka. Rangi inayokwanguliwa ikiwa imelowa haipai. Inaanguka kama ugali ulioungua chini ya sufuria, vipande vinene, unavikunja ndani ya nailoni na kufunga. Grinda nilimwomba fundi airudishe kwake. Mtungi wa gesi pia. Moto unageuza risasi kuwa moshi usiouona, na ni njia nyepesi kuliko zote ya kuiingiza mapafuni.

Barakoa za kitambaa hazisaidii kitu hapa, wala zile za bluu zilizobaki tangu Korona. Tulipata za kuchuja vumbi laini, zinazobana puani. Msaidizi alizichukia. Alikuwa anaishusha shingoni kila nikigeuka, na kwa siku ya kwanza nilikuwa polisi kuliko mwenye nyumba.

Usiku tulideki. Hakuna kufagia.

Mnajua ilivyo vigumu kumzuia mdogo wangu asifagie? Ni mjamzito wa miezi sita, amekuja kwangu apumzike, na kupumzika kwake ni fagio la chelewa saa kumi na mbili asubuhi. Fagio hilo lilikuwa linachukua vumbi la sakafuni na kulirudisha hewani, na yeye akiwa juu yake ameinama. Na risasi iliyolala mifupani mwa mama hutoka wakati wa ujauzito, ikafika kwa mtoto. Nilifunga fagio stoo. Akanuna siku mbili. Siku ya tatu nikamkuta anakula udongo, ule wa sokoni, na nikaanza kumfokea kabla sijakumbuka kwamba anayekula udongo mara nyingi amepungukiwa madini ya chuma, na mwili uliopungukiwa chuma ndio unaoifyonza risasi kwa pupa zaidi. Nikampeleka kliniki badala ya kumfokea. Yaani nilimfokea, kisha nikampeleka.

Mtoto alitolewa damu siku ile ile. Sampuli ilisafirishwa mbali, tukasubiri majuma matatu. Ilirudi juu kidogo ya mikrogramu 5 kwa desilita. Ni pale ambapo Shirika la Afya Duniani linasema tafuteni chanzo, mkikate. Hakuna dawa ya kiwango hicho. Dawa za kuiondoa risasi ni za waliozidiwa sana. Daktari, kijana mnyoofu, aliuliza pia kuhusu wanja, kuhusu betri, kuhusu sufuria za kienyeji zinazotengenezwa kwa vyuma chakavu. Tunazo mbili. Kwa hiyo siwezi hata kusema kwa kiapo kwamba ni dirisha.

Mpeni dagaa, maziwa, mboga za majani, alisema. Mnawisheni mikono. Mrudisheni baada ya miezi mitatu.

Nikamuuliza je, atakuwa sawa. Alisema, "Mama, ni mapema, na mmeacha." Nimelirudia jibu hilo kichwani mara nyingi, na bado sijaamua kama ni jibu.

## Kuni

Yote hayo yangeweza kuandikika tangu mwezi wa saba. Lililokuwa linanizuia ni hili.

Ilikuwa usiku, niko kitandani, nje baridi ya Mbeya ile ya kukufanya uhesabu mablanketi. Nilikuwa natafuta njia ya kutupa madirisha yaliyong'olewa. Huko Marekani yule rafiki anasema yanafungwa yanakwenda jalala maalumu. Hapa kwetu mbao haitupwi. Nani ametupa mbao? Mbao ni banda la kuku, ni benchi, ni kuni. Nikawaza kwamba hatari ni mtu aje ayaombe akapikie.

Nikakaa kitandani.

Siku ya kwanza ya kazi, kabla ya uji, kabla ya status, fundi aling'oa madirisha matatu ya upande wa bafuni yaliyokuwa yameoza. Niliyaweka getini. Jirani wa nyumba ya pili, mama anayekaanga maandazi alfajiri na kuuzia watoto wanaokwenda shule, akapita akayatazama. Nikamwambia, "Mama, chukua kuni hizo." Akashukuru kwa Kinyakyusa na Kiswahili, ndaga fijo, Mungu akubariki, akaja na mwanawe wakayabeba.

Nilijisikia vizuri siku nzima.

Risasi haiungui ikaisha. Mbao inateketea, rangi inageuka, lakini madini yanabaki: mengine yanapanda na moshi, mengi yanalala kwenye majivu. Na majivu ya huku yana kazi. Tunasugulia sufuria. Tunamwaga kwenye mchicha. Tunatia chooni. Bibi yangu alikuwa anasafishia meno.

Nililala macho wazi. Nilipiga hesabu ya maandazi: mangapi kwa alfajiri, alfajiri ngapi. Kisha nikapiga hesabu nyingine, ya aibu zaidi: je, lazima nimwambie? Kilichoungua kimeshaungua. Nikimwambia atapata nini zaidi ya hofu? Na watu wakisikia, nani atanunua andazi lake tena? Hoja zangu zilikuwa nzuri. Zilikuwa nzuri kiasi kwamba asubuhi nilizitilia shaka, maana zote ziliishia mahali pamoja: mimi nabaki nyumbani.

Nilikaa nazo majuma matano.

Nakiri hivyo. Nilikuwa nawadekisha watu wangu sakafu mara mbili kila jioni, nawapima damu, nafungia mafagio, na kila alfajiri naona moshi wa jirani ukipanda juu ya ukuta wangu. Vumbi la nyumba yangu nililikamata punje kwa punje. Lile nililolitoa getini kwa mkono wangu mwenyewe, nikiombewa baraka, nililiacha litembee.

## Banda

Nilikwenda Jumapili baada ya ibada, kwa sababu siku hiyo hakaangi. Nilibeba kilo mbili za sukari, kama vile ninakwenda kupeleka posa.

Alinikaribisha jikoni, tukaongea habari za mvua, za bei ya ngano, za mimba ya mdogo wangu. Nilizunguka mpaka mwenyewe akachoka.

"Mwanangu, sema."

Nikasema. Nilisema vibaya, nikaanza na mkataba wa Geneva, fikirini. Alinitazama kama anayemsubiri mtoto amalize kulia. Nilipofika kwenye kuni, akaweka kikombe chini.

"Yale mawili ya mbao laini, hayo niliyachoma," akasema. "Siku mbili, labda tatu. Yalikuwa yanatoa moshi mweusi, unanuka, nikaacha. Andazi lilikuwa linanuka rangi."

"Na majivu?"

Akanyoosha kidole dirishani, kwenye tuta dogo la mchicha. Ulikuwa umestawi kweli.

Tulikubaliana kuhusu tuta: ule mchicha tutaung'oa, udongo wa juu tuutoe, aweke maua hapo, mboga zihamie upande wa pili. Masufuria hakuyasugulia majivu, anatumia waya na sabuni, namshukuru Mungu wa waya na sabuni. Mwanawe mdogo nikamwomba tumpeleke akapimwe, kwa gharama yangu. Hakukataa wala hakukubali. Alisema atamuuliza baba yake. Hakunigombeza, na ningependa angenigombeza.

Nilikuwa nimeshasimama niage ndipo nikakumbuka kuhesabu.

"Mama, umesema mawili. Yalikuwa matatu."

Uso wake ukachangamka kwa mara ya kwanza tangu niingie. "Lile la tatu ni mninga! Nani achome mninga? Njoo uone."

Akanipeleka nyuma ya nyumba. Dirisha la bafuni la shangazi lilikuwa limepigiliwa kwenye banda la kuku, limenyooka, na wavu mpya mahali pa vioo. Mwanawe alikuwa amelipiga msasa kidogo pembeni lipendeze. Kuku wanne walikuwa wamepanga mstari chini yake, wanadonoa kwenye udongo vipande vidogo vya kijani, kimoja kimoja.

"Mayai yake mazuri," akasema. "Nilikuwa nataka nimpelekee yule mtoto."